Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mtakaoisoma taarifa hii mkiwa zamu, sokoni au nyumbani mashambani. Chama chetu ni cha watu wa Nairobi wenye shamba. Wachache wetu wanalima Ruai na Kamulu, wengine wanafuga ng'ombe wawili watatu Dagoretti, na walio wengi wanalima kwa simu: shamba liko Kitui, Vihiga au Nyandarua, mzazi au mke ndiye anayeshika jembe, na pesa za pembejeo zinatoka kwenye mshahara wa hapa mjini.

Mwaka huu wote tumeshughulikia jambo moja, kumfikisha mkulima kwenye msaada ambao tayari upo. Nchi hii ina taasisi nyingi za kumsaidia mkulima, na kadhaa kati ya hizo zina makao hapa hapa Nairobi. Matatu tunazopanda kila siku zinapita karibu na malango yake. Mkulima anakosa mtu wa kumwambia aende mlango upi, abebe nini na aulize nini. Meza yetu ya Jumamosi ilianzishwa kwa ajili hiyo, na ndiyo kazi ninayojivunia kuliko nyingine yoyote tuliyoifanya.

Nianze na mbolea, kwa kuwa ndiyo iliyowaleta watu wengi zaidi mezani. Bei ya ruzuku ni shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Mwaka 2022 ilikuwa 3,500, na dukani wakati huo mfuko ulikuwa umepita 6,000. Mkulima husajiliwa kupitia kwa chifu au naibu wake, ukubwa wa shamba unaandikwa, na msimu ukikaribia anatumiwa ujumbe wa vocha kwa simu. Anakwenda na kitambulisho kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao au kwenye chama cha ushirika kilichoteuliwa, analipa, anachukua mifuko yake. Tulichokigundua ni kwamba ujumbe mara nyingi haumfikii mkulima mwenyewe, kwa sababu siku ya usajili mama aliandikisha simu ya mwanawe aliye Nairobi. Mwanachama mmoja anayelinda bohari kule Viwandani alitufungulia simu yake tuione. Vocha ya mama yake wa Kakamega ilikuwa imelala katikati ya ujumbe wa kamari na wa mikopo, na mama alikuwa ameshanunua mbolea kwa bei ya duka, tena kwa kuuza kuku. Ndugu zangu, pekueni simu zenu. Kama mzazi amepata laini yake, mwambieni arudi kwa chifu abadilishiwe nambari kabla msimu haujaanza.

Najua pia kwamba wengi hawaamini tena mfuko wowote. Mwaka 2024 mbolea bandia iliuzwa kwa wakulima ndani ya mpango huo huo wa ruzuku, watu wakapanda na wakavuna mabua. Uchungu huo una haki. Kwa hivyo tunasisitiza: risiti itunzwe, na mfuko wenyewe usitupwe wala kugeuzwa wa kubebea makaa hadi mavuno yawe nyumbani. Bila vitu hivyo viwili malalamiko hayana pa kusimama.

Hata hivyo mbolea halisi nayo hupotea bure udongo usipopimwa, na hapa nitakaa kidogo. Tulikwenda kwa mwanachama wetu Kamulu tukajifunza kuchukua sampuli pamoja. Unatembea shambani kwa mwendo wa kupinda kushoto na kulia, unasimama mahali 15 hadi 20. Unaondoa majani ya juu, unachimba hadi sentimita 20, unakata kipande chembamba cha udongo kutoka ukingo wa shimo. Unakwepa palipokuwa na boma la ng'ombe, kichuguu, chini ya mti na mahali palipowekwa mbolea juzi. Vipande vyote vinachanganywa kwenye ndoo safi ya plastiki, mabonge yanavunjwa, kisha unatoa kiasi cha nusu kilo, unakianika kivulini, unakitia kwenye mfuko wenye jina lako na jina la shamba. Mzee mmoja aliyekuja na jembe lake alitaka kuchukua udongo wa kona moja tu, ile nzuri iliyo karibu na mlango. Mwenye shamba alimwonyesha mahindi ya kona ile na mahindi ya mteremkoni, na mzee akaanza kutembea na wengine bila kuambiwa mara ya pili.

Maabara ya udongo ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, iko Kabete, na inapokea sampuli za mkulima mdogo. Majibu yake yanaweza kukuokolea pesa nyingi. Shamba lililopandwa kwa mbolea ya DAP miaka nenda miaka rudi huongezeka asidi, na udongo wenye asidi huishika fosforasi isiifikie mizizi. Mkulima anaona majani ya mahindi yanageuka zambarau, anaongeza DAP, na hali inazidi kuharibika. Anachohitaji pale ni chokaa ya kilimo. Lakini shamba la udongo mweusi wa mfinyanzi la Kamulu na shamba la udongo mwekundu la Vihiga hayawezi kutibiwa kwa dawa moja, ndiyo maana simshauri mtu yeyote anunue chokaa kwa kusikia jirani kanunua.

Habari kubwa ya mwaka, kwa maoni yangu, ilitoka Machakos. Tarehe 27 Novemba 2025 Mahakama Kuu huko iliamua kwamba vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomfanya mkulima kuwa mhalifu kwa kubadilishana au kuuza mbegu zake za kienyeji vinakiuka Katiba. Kesi ilipelekwa mahakamani mwaka 2022 na kundi la wakulima wadogo. Chini ya vifungu hivyo mtu angeweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1. Nyanya zetu walipeana kunde, mtama na mbegu za mnavu juu ya ua bila kuulizana risiti, na mboga za kienyeji tunazozigombania leo katika soko la Marikiti zimetufikia kwa mikono yao. Niliposoma uamuzi huo nilifurahi kwa moyo wote, na nawapongeza wale wakulima waliovumilia miaka mitatu ya kesi.

Kamati imeamua kutumia nafasi hii. Tunataka kila mwanachama atakayekwenda nyumbani arudi na mbegu za kienyeji, ziandikwe zilikotoka, nani alizitunza, zinakomaa baada ya muda gani, kisha tubadilishane. Benki ya mbegu ya taifa iko Muguga, mbele kidogo ya Kikuyu, na tutaomba kuitembelea tujifunze jinsi ya kukausha na kuhifadhi. Mbegu inayotunzwa ikiwa na unyevu huoza au kuliwa na fukusi, hata iwe ya ukoo gani.

Uamuzi wa Machakos haujahalalisha mbegu bandia za dukani, tusichanganye mambo. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa na KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua mbegu na mimea, ina kibandiko cha kukwaruza. Ukikikwaruza unapata nambari, unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na jibu linakuambia ni mbegu gani na imetoka kwa nani. Fanyeni hivyo mkiwa bado kwenye kaunta ya agroveti. Akina mama wawili wa Githurai walifanya hivyo, na mwenye duka akawaongezea kiti wakae wasubiri jibu. Muuzaji mwaminifu hana haja ya kuogopa.

Wanachama wa Kasarani, mnapita kila siku kwenye lango la ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kwa wenye mashamba magharibi, teknolojia yao ya sukuma-vuta inafaa sana. Desmodium, mmea wa jamii ya kunde, inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, inawafukuza nondo wa vipekecha shina na kulikomesha gugu la kiduha. Nyasi za napier au brachiaria zinazunguka shamba na kuwavuta nondo wale huko nje. Zote mbili ni lishe ya ng'ombe.

Kuhusu mvua, utabiri wa vuli ya 2025 ulionya mapema kwamba ukanda wa mashariki ungepata mvua chini ya kawaida. Kwa watu wa Kitui na Makueni, ambao vuli ndiyo wanayoitegemea zaidi kuliko masika, onyo kama hilo ni la kufanyiwa kazi siku hiyo hiyo: ndengu, kunde na mtama kwanza, mahindi yawe ya kukomaa upesi kama yale ya Katumani. Idara ya Hali ya Hewa hutoa pia maelezo ya kila kaunti. Katibu atayatuma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kila msimu, na ninawaomba msiyafunike kwa salamu za asubuhi.

Wengi bado hupanda hadi makao ya Wizara ya Kilimo, Kilimo House, Cathedral Road, kutafuta bwana shamba. Wanarudishwa, nao wanaona wamedharauliwa. Tangu ugatuzi wa 2013 huduma za ugani ziko chini ya kaunti. Bwana shamba wa mama yako anatafutwa kwenye ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo kule kule nyumbani. Ni wachache na maeneo yao ni makubwa, hivyo anayekwenda kama kikundi husikilizwa haraka kuliko anayekwenda peke yake.

Sasa ardhi na madeni, mambo yaliyotuletea machozi mezani. Kuna mwanachama aliyelipia kipande cha shamba kwa makubaliano ya mkono tu, na muuzaji akamgeuka. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Shamba likiwa mali ya ndoa, mke au mume wa muuzaji lazima awe amekubali. Fanyeni upekuzi kwenye sajili kabla ya kutoa hata shilingi ya kushika nafasi. Asiyeweza kumlipa wakili aende Kituo cha Sheria, shirika linalotoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo tangu 1973.

Mikopo ya simu imewaumiza vijana wetu. Mtu anakopa ya mbegu, mvua inakosa, anakopa pengine kulipa ya kwanza. Jueni haki zenu: kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kumtisha mdaiwa au kuwapigia watu walio kwenye simu yake ili kumwaibisha. Aliyetendewa hivyo alete ujumbe na rekodi za simu mezani, tutamsaidia kuandika malalamiko. Anayetaka mkopo wa kilimo hasa aanze kuuliza AFC, shirika la serikali la kukopesha wakulima, Development House, Moi Avenue. Wataomba dhamana na mpango wa shamba, na mpango huo tunaweza kuuandika pamoja.

Nalizungumzia na hili waziwazi. Mkulima aliyepoteza ng'ombe au msimu mzima, huku ana deni, hunyamaza. Wanaume hasa hunyamaza. Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya lina simu ya bure ya ushauri nasaha, 1199. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mwenzetu aliyefika pabaya asiogope polisi, na sisi tusiwe mahakimu wake. Mkiona mwenzenu ameacha kushika simu na ameacha kuuliza bei ya sokoni, nendeni kwake, ketini naye, mpige simu hiyo ya 1199 pamoja.

Kwa wanaolima ndani ya jiji, sheria ya kaunti ya mwaka 2015 inatambua kilimo cha mjini, na ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo ndiyo ya kwenda. Kunyunyizia sukuma wiki maji ya mfereji wa majitaka ni kuwalisha ugonjwa majirani zetu. Kamati haitampeleka sokoni kwa jina la chama mwanachama anayefanya hivyo, na msimamo huo hautabadilika.

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, na daftari liko wazi kwa yeyote anayetaka kulikagua.

Namshukuru katibu wetu, na wale wanaokalia meza kila Jumamosi bila malipo, hata nauli. Meza imekuwa na watu wengi kuliko viti, tena mara nyingi lugha inatuzuia: mzee wa Kitui hujieleza vizuri kwa Kikamba, mama wa Vihiga kwa Kiluhya. Tunahitaji watu zaidi wa kukaa pale, wanaojua lugha za nyumbani na wenye subira ya kusikiliza. Tunahitaji pia kijana wa kuliandika upya daftari letu la ofisi na huduma, ili lichapishwe na kupelekwa mashambani kabla ya masika. Anayejitolea aandikishe jina kwa katibu leo kabla hatujaachana. Anayesafiri nyumbani mwezi huu apitie kwake achukue bahasha za sampuli za udongo.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti