Kabla hujaniagiza gitaa jipya, lete hilo la zamani

Jumanne iliyopita mwalimu mmoja wa kwaya alivuka na kivuko cha Kamanga kuja hapa Mwanza, gitaa lake la umeme kalifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Hata kabla hajakaa: "Fundi, hili limeisha. Nitengenezee lingine."

Nikamuuliza limeishaje.

"Halishiki tyuni. Huku chini liko sawa, nikipanda juu kwaya inaimba hapa, lenyewe liko kule."

Nikalichomeka. Uzi mtupu, sawa. Nikaukandamiza uzi uleule kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), ambako sauti hiyohiyo inatakiwa ijirudie oktava moja juu. Mshale wa tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti, ukapita kulia: sauti imezidi juu. Nyuzi zote sita, hadithi ile ile.

Gitaa la namna ile lina milimita 648 kutoka kwenye kile kipande cha mfupa kilichopo chini ya kichwa hadi darajani, pale nyuzi zinapoishia kwenye kiwiliwili. Freti ya 12 iko katikati kabisa, milimita 324. Freti nyingine mtengenezaji huzipata kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817: ya kwanza inakaa milimita 36.37 kutoka kwenye mfupa, kisha unagawa kilichosalia, unaendelea hivyo hadi mwisho. Ukikata vibaya hapo, hakuna bisibisi itakayokuokoa. Lakini freti za mwalimu zilikuwa safi. Shida ilikuwa darajani.

Ukikandamiza uzi, unauvuta kidogo, na uzi ukivutwa sauti inapanda. Ndiyo maana kila uzi huongezewa urefu kidogo kule darajani, na ule mnene wa besi huongezewa kuliko mwembamba. Kazi hiyo inafanywa na vile vibebeo sita vyenye skrubu. Vikikaa sawasawa huonekana vimepishana, kama meno ya mzee. Kwenye gitaa la mwalimu kuna mtu alikuwa amevipanga vyote mstari mmoja, vipendeze macho.

Shingo nayo ilikuwa imepinda. Usishangae: nyuzi sita za kawaida zinavuta kwa uzito wa kama kilo 45, usiku na mchana. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kupingana na mvuto huo. Unaizungusha robo mzunguko, unaacha mbao zitulie, unapima tena. Anayezungusha mizunguko miwili kwa hasira atakuja kununua shingo. Na sisi wa kando ya ziwa tuna hili la ziada: mvua zikianza mbao hunywa unyevu, ikifika Julai zinakauka, ncha za freti zinachomoza pembeni na kukwangua kiganja. Gitaa lililokaa vizuri Aprili si lazima likae vizuri Agosti.

Saa mbili na nusu za kazi. Mwalimu akalipa pesa ya matengenezo, akavuka kurudi na gitaa lake.

Najua nimekosa oda. Lakini gitaa jipya nataka nimtengenezee mtu anayejua kwa nini analihitaji. Kiwiliwili nachonga kwa mninga, kwa sababu mninga ukishakauka haujikunji hovyo, maseremala wa vitanda wanalijua hilo vizuri. Ubao wa freti ni mpingo, mti mzito hadi unazama majini. Mfupa nanunua buchani: wa ng'ombe, nauchemsha mafuta yatoke, nauanika, nausugua kwa msasa. Kinachokula muda ni pikapu. Ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, karibu mizunguko 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye koili, na amplifaya inaukuza. (Kuna kijana aliweka nyuzi za nailoni kwenye gitaa la umeme, akaja kulalamika kuwa pikapu zimeungua. Hazikuungua. Nailoni na sumaku hazijuani.)

Mimi nilianza kwa fundi redio Mabatini, nikishika koleo na risasi ya kuunganishia nyaya, bila kujua gitaa ni nini. Zamani nilikuwa naona aibu kulisema hilo mbele ya wanamuziki, hadi niliposoma habari za Leo Fender. Alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, Marekani, mwaka 1938. Mwaka 1950 akaanza kuuza gitaa la umeme la ubao mzima, shingo imefungwa kwa skrubu nne, likiharibika unalifungua kama unavyofungua redio. Gitaa lake lingine, Stratocaster, likafuata 1954. Na yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa! Kwa hiyo wanaonicheka nikijaribu solo, waendelee tu.

Jambo moja halisubiri matengenezo. Ukigusa maiki kwa midomo huku umeshika nyuzi ukapigwa shoti, acha kupiga hapohapo. Nyuzi za gitaa la umeme huwa zimeunganishwa na ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, kupitia daraja. Amplifaya ikikosa ethi, mara nyingi kwa sababu mtu alikata pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye ekstensheni, wewe ndiye unakuwa waya. Kuvaa ndala si dawa. Lete amplifaya, lete na hiyo ekstensheni, usione aibu. Kuvuma tu bila shoti ni habari nyingine, mara nyingi ni pikapu ya koili moja inayodaka umeme wa ukutani, na hilo tutaliongea ukija.

Ukija, njoo na seti ya nyuzi unazotumia siku zote, maana napima kwa unene huo. Na tafadhali, usilete gitaa Jumamosi jioni ukitaka kulipiga Jumapili asubuhi. Nyuzi mpya zinahitaji usiku mzima kutulia, na mimi pia.