Simba Ambaye Hakula

Kirumba, Mwanza

Mama Kulwa mpendwa,

Mwangaluka! Hapa sote wazima, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika dagaa. Mengine nitakusimulia ukivuka kuja huku.

Swali lako nimelibeba tangu nilipolisoma. Ni kile kisa cha mtu wa Mungu aliyetoka Yuda kwenda kuitabiria mabaya madhabahu ya Betheli, akiwa amekatazwa kula huko; nabii mmoja mzee wa Betheli akamdanganya kwamba malaika kasema arudi ale kwake, akarudi, akala, na akiondoka simba akamuua njiani. Mzee ndiye aliyedanganya, mgeni ndiye aliyedanganywa. Kwa nini simba amuue mgeni, mzee abaki salama nyumbani kwake? Unasema mhubiri aliyewatembelea huko Nansio aliwajibu kwamba yule mtu wa Mungu alikuwa mlafi. Mlafi gani huyo? Fungua 1 Wafalme 13. Mfalme Yeroboamu, mkono wake uliokauka ukishapona, anamkaribisha ale na apewe zawadi, naye anajibu kwamba hata akipewa nusu ya nyumba ya mfalme hataingia. Mtu wa kuponzwa na tumbo hajibu hivyo. Wapo pia wanaomlaumu kwa kuketi chini ya mti kupumzika. Jamani, mtu ametoka Yuda, hajala wala hajanywa, hata kivuli anyimwe?

Mimi naanzia kwenye katazo lenyewe: asile, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyoijia. Tumezoea kulisoma kama mtihani wa utii tu. Lakini angalia alikotumwa. Ni Betheli, ambako Yeroboamu ameweka ndama wa dhahabu, na mwingine kamweka Dani, ili watu wasipande tena Yerusalemu kuabudu. Wewe Msukuma, nikufundishe nini kuhusu kukataa chakula? Umefika kwa watu, wamekunawisha, ugali umeshatengwa na sato bado anafuka mvuke, halafu useme hugusi hata maji. Hapo umetangaza ugomvi na ukoo mzima. Nadhani ndicho Mungu alichotaka Betheli wakione kwa macho. Aliyoyatamka pale madhabahuni hayakuwa ujumbe wote. Kuondoka kwake na njaa kulikuwa sehemu ya ujumbe. Kwa hiyo alipogeuka akarudi kula kwa yule mzee, hakuvunja sharti la safari tu. Alijikanusha. Mtu yeyote wa Betheli angeweza kusema kesho yake: si alikula kwetu?

Hapo naanza kuuona uzito wa kosa. Sijasema nimeridhika na adhabu.

Na adhabu yenyewe tunaisimulia vibaya. Hukumu aliyosomewa haikumtaja simba. Aliambiwa maiti yake haitaingia kaburini mwa baba zake. Sisi wa huku tunaijua hiyo. Jirani akifia mjini, daftari la michango linapita siku hiyo hiyo, gari linakodiwa, jeneza linavushwa Kamanga kwenda Sengerema au linapakiwa melini kuja kwenu Ukerewe, hata kama marehemu hakukanyaga kijijini miaka na miaka. Yeye alale ugenini, tena Betheli, mji ambao ametoka kuitabiria mabaya madhabahu yake! Halafu tazama hukumu ilitoka kinywani mwa nani. Ni yule yule mzee, wangali mezani. Kasingizia malaika ili amlete mgeni, sasa neno la kweli linamjia na inabidi alitamke mbele ya mtu aliyemkaribisha mwenyewe. Mimi simwoni kama mtu aliyeachiwa.

Sasa simba. Hili sijasikia likihubiriwa, na ndilo linalonishika kuliko yote. Ameua, kisha amesimama kando ya maiti, punda naye kasimama pale pale, wapita njia wanaona na kwenda kusimulia mjini. Mzee alipofika aliwakuta vivyo hivyo. Simba hajala maiti, hajamrarua punda. Simba, Mama Kulwa! Mnyama anayeishi kwa nyama ndiye aliyekaa bila kula, na mtu wa Mungu ndiye aliyekula. Aliyesikia habari ile Betheli asingeweza kusema ni ajali ya porini.

Mzee akamzika katika kaburi lake mwenyewe, akamlilia kama ndugu, akawausia wanawe wamzike yeye papo hapo, mifupa kando ya mifupa. Ukiruka mpaka 2 Wafalme 23, miaka kama 300 baadaye, mfalme Yosia anafukua makaburi ya Betheli na kuchoma mifupa juu ya madhabahu, kama mgeni alivyotabiri. Anaona alama ya kaburi, anauliza ni la nani, anaambiwa, anaagiza lisiguswe. Hivyo mifupa ya mzee ikapona kwa sababu ya mtu aliyemponza. Baba Pendo anasema hiyo ni rehema. Mimi nasema mzee alikuwa mjanja, alijua fika kwamba neno la mgeni lingetimia, akajitafutia kinga mapema. Tumebishana hadi chai ikapoa.

Wanaonisumbua bado ni wale wanawe. Ndio waliompelekea baba habari za mgeni, ndio waliomwonyesha njia aliyoipita, na mara mbili wanatandika punda bila kuuliza neno. Walijua baba anakwenda kudanganya? Soma tena mstari wa 11 mpaka wa 13, uniandikie unavyoona, na barua mpe yeyote anayekuja na meli.

Msalimie Baba Kulwa na mapacha.

Wako,
Mama Pendo