Jipu Lililorudi Baada ya Kupasuliwa: Kwa Nini Tunapima Sukari na Kuuliza Habari za Taulo

Mteja mmoja ametuandikia akilalamika kwamba mwezi wa Desemba alilipa shilingi 30,000 kupasuliwa jipu la paja katika zahanati yetu hapa Temeke, na kabla ya Pasaka limemtoka jingine kwenye kalio, kwa hiyo anaamini kazi ya kwanza ilifanywa nusunusu ili arudi kulipa tena. Si wa kwanza kusema hivyo. Kila msimu wa joto lalamiko hilohilo hutufikia kwa maneno tofauti, na kwa kuwa maelezo ya haraka pale dirishani, foleni ikiwa nyuma, hayamridhishi mtu, tumeona tuyaandike kwa kirefu pamoja na suala la bei, ambalo mara nyingi ndilo kiini cha lalamiko lenyewe.

Tulipomwita mteja huyo na kumkagua, kovu la paja lilikuwa limefunga vizuri, ngozi yake imelainika, haina joto, na hata ukibonyeza kwa kidole hasikii maumivu. Jipu la Desemba lilipona. La kalioni ni jipu jipya kabisa, ila limetoka kwa mwenyeji yuleyule. Majipu mengi husababishwa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, na takriban mtu mmoja kati ya watatu humbeba ndani ya tundu za pua bila kuumwa wala kujua. Kidole kinachogusa pua hugusa pia paja, kwapa na kisogo, na mahali ambapo wembe, jasho au nguo ya kubana imekwaruza ngozi, bakteria hupenya kwenye kitundu cha nywele na kuanza upya. Kisu chetu hutoa usaha uliopo siku hiyo. Hakiwezi kuifikia pua, wala godoro, wala taulo linaloning'inia nyuma ya mlango wa bafu na kutumiwa na nyumba nzima.

Ni jambo jingine ikiwa uvimbe umejitokeza palepale penye kovu ndani ya wiki chache. Hapo huenda kuna mfuko wa usaha uliobaki ndani, na ikiwa sisi ndio tuliopasua, tunarudia bila malipo na bila ubishi.

Kuhusu hizo shilingi 30,000, tunajua kwamba mtaani kuna wanaopasua kwa shilingi 5,000, na wengine humfuata mgonjwa hadi nyumbani. Katika chumba chetu ngozi husafishwa kwanza, sindano ya ganzi huchomwa kuzunguka jipu na tunasubiri ishike, chale hukatwa kwa kisu kipya kinachofunguliwa mbele ya macho yako, na usaha ukishatoka tunaingiza koleo kuvunja vile vyumba vidogo vya ndani ambavyo usaha hujigawa humo. Kisha shimo husafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka yatoke meupe, na kufunikwa kwa kitambaa laini cha gozi. Kuvunja vyumba vya ndani ndiyo hatua ambayo mpasuaji wa haraka huiruka, kwa sababu bila ganzi ya kutosha hakuna mgonjwa anayeivumilia. Marudio ya kusafisha kidonda hadi kifunge yamo ndani ya bei hiyohiyo, jambo ambalo wanaolinganisha bei husahau kulihesabu.

Njia ya mkato inayowagharimu wateja wetu kuliko zote ni vidonge vya rangi mbili. Mtu akiona uvimbe umeanza kuwa mwekundu, hupita duka la dawa, hununua vidonge vichache vya amoksilini bila cheti, hunywa siku mbili, maumivu hupungua kidogo, naye huacha. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na ilipoanza kutumika kwa wagonjwa katika miaka ya 1940 haikuchukua muda kabla ya bakteria huyu kuonekana akitengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Amoksilini ni ya ukoo huohuo na huvunjwa vivyo hivyo, ndiyo maana tabibu akiona jipu linahitaji dawa huandika kloksasilini au nyingine inayostahimili kimeng'enya hicho. Hata hizo nazo zina mwisho wake: mwaka 1961 Uingereza iliripoti aina ya bakteria huyu inayoshinda methisilini, dawa iliyokuwa imetengenezwa mahususi kwa ajili yake, na leo aina hiyo iko duniani kote. Zaidi ya hayo, dawa husafiri kwa damu, na katikati ya mfuko wa usaha hakuna mishipa ya damu ya kuifikisha. Ndiyo maana jipu dogo lililopasuliwa vizuri kwa mtu mwenye afya mara nyingi halihitaji kidonge chochote, ingawa wapo wateja wanaokasirika tukiwaruhusu bila dawa, kana kwamba tumewapunja.

Dereva mmoja wa bodaboda alinunua vidonge kwa mtindo huo katika maduka tofauti, huku akiendelea kukalia jipu juu ya pikipiki ili hesabu ya bosi isikwame. Alipofika kwetu wekundu ulikuwa umeshatambaa hadi kiunoni, ngozi imekakamaa na kuwaka moto, na mwili unatetemeka kwa homa. Huyo hatukumpasua. Tulimwandikia rufaa siku ileile, akalazwa hospitali kwa sindano za mshipa, na hesabu aliyokuwa akiikimbiza ikampita pamoja na fedha za kitanda.

Ndugu wa vidonge hivyo ni tyubu ya mchanganyiko, ile krimu yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kwa pamoja, ambayo hupakwa kwa kila kinachowasha. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho, mgonjwa akaona amepona, kumbe kinga ya ngozi ya mahali hapo imelazwa usingizi na maambukizi yanaendelea kupanuka chini yake. Ngozi iliyopakwa tyubu hiyo kwa miezi hutusumbua hata kuitambua, kwa sababu dalili zake zote zimefutika nusu.

Kutambua ndiko sehemu ya kazi yetu tunayojivunia, kwa sababu vingi vinavyoitwa jipu si jipu. Vipele vidogo vyenye kichwa cheupe, kila kimoja na unywele katikati, vikiwa vimetapakaa kidevuni au kinenani baada ya kunyoa, ni uvimbe wa vitundu vya nywele. Hivyo hatupasui. Tunaomba wembe upumzishwe, pawe pasafi na pakavu, na hutulia. Vidonda vya mtoto puani na mdomoni vinavyotoa maji na kuganda kama asali iliyokauka huambukiza haraka mno darasani, na wakati mwingine bakteria wa aina ya streptokokasi waliomo humo huacha madhara kwenye figo wiki chache baadaye. Mtoto wa namna hiyo akivimba uso asubuhi au akakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, asisubiri. Kuna pia mapunye yaliyovimba kichwani, laini kwa kuguswa, yanayotoa usaha na kung'oa nywele. Yanafanana na jipu kiasi kwamba watoto wengi hukatwa bure, ilhali dawa yake ni vidonge vya fangasi vya wiki kadhaa, na kisu huongeza kovu tu.

Kijana mmoja aliyetoka likizo kijijini alikuja na anachokiita majipu mawili, yote kwenye mstari wa mpira wa chupi. Muuguzi wetu alipomulika kwa tochi aliona katikati ya kila uvimbe kitundu kidogo chenye majimaji, na ndani yake kitu kinachopanda na kushuka. Alikuwa funza wa inzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje. Tulipaka mafuta mazito ya mgando juu ya kitundu, funza akakosa hewa, akajisogeza juu, akatolewa mzima mzima kwa koleo. Kama mama yake angepiga pasi nguo zile, hasa kwenye mishono na mipira, mayai yangekufa kabla ya kuvaliwa.

Tunachokiogopa zaidi ni majipu ya makwapani na kinenani yanayorudi palepale kwa miaka, yakiacha makovu yenye kamba na vitundu viwili viwili vyeusi. Mama mmoja mfanyabiashara wa mboga alikuwa amekwisha kupasuliwa sehemu kadhaa kwa ugonjwa huo, kila mara akilipa, kila mara akiahidiwa kwamba ni mara ya mwisho. Unaitwa hidradenaitisi, nao hutokana na kuvimba kwa vitundu vya nywele kwa namna ambayo usafi hauuzuii. Hatukuchukua fedha yake zaidi ya ile ya kumwona daktari. Tulimwelekeza kliniki ya ngozi ya Muhimbili, na tungependa wenzetu wa biashara hii nao wafanye vivyo hivyo badala ya kuendelea kukata.

Kila mtu mzima anayekuja na majipu ya kujirudia tunampima sukari, na hapa ndipo tunapoambiwa kwamba tunabambika vipimo. Sukari ikiwa juu, chembe za kinga hufanya kazi kwa uzito na ngozi huwa shamba la bakteria, na si mara moja ambapo jipu limekuwa dalili ya kwanza kumleta mgonjwa wa kisukari mlangoni kwetu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, tunarudia siku nyingine kuthibitisha, kwa sababu kupasua jipu la mtu ambaye sukari yake haijashughulikiwa ni kazi itakayofanywa tena. Tunashauri pia kipimo cha VVU, ambacho katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, na hakuna anayelazimishwa. Kuhusu embe na damu chafu, ambavyo wazee wetu huvitaja kwanza kuwa chanzo cha majipu, tunasema kwa heshima kwamba msimu wa embe ndio msimu wa jua kali na jasho, na jasho ndilo lenye kesi ya kujibu. Dawa za kuharisha zinazouzwa kusafisha damu humkausha mtu maji mwilini na kuliacha jipu lake lilipo.

Kuotesha usaha maabara, yaani kukuza bakteria waliomo ili ijulikane dawa ya kuwaua, hatukufanyi kwa kila mtu. Tunaagiza kipimo hicho pale majipu yanaporudi ingawa dawa ilimezwa sawasawa, na sampuli nzuri ni ile inayochukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza. Sampuli tunaipeleka maabara kubwa, majibu huchukua siku kadhaa, na gharama yake ni ya maabara hiyo, sisi hatuongezi kitu. Anayeona ni ghali ajumlishe dozi tatu za dawa ambazo hazikumfaa.

Familia moja ilikuwa ikituletea mtoto mmoja leo na mwingine mwezi ujao, mpaka muuguzi akauliza habari za taulo na kuambiwa kwamba lipo moja, zuri, la wageni na wenyeji. Kwa nyumba kama hiyo tabibu hupanga siku tano za kuwaondoa bakteria kwa watu wote kwa pamoja: mafuta ya mupirosini ndani ya tundu za pua asubuhi na jioni, kuoga kila siku kwa sabuni ya maji ya klohexidini bila kuigusisha machoni wala masikioni, na katika siku hizohizo kila mtu na taulo lake, na mashuka, taulo na nguo za ndani zinafuliwa kwa maji ya moto, zinaanikwa juani na kupigwa pasi. Akifanya mmoja na wengine wakaacha, bakteria humsubiri sebuleni. Wembe, sponji na kitana haviazimwi hata kwa mume na mke. Sabuni ya kipande yenye harufu ya dawa haishiki nafasi ya klohexidini, na dawa ya maji ya kuua vijidudu ikipakwa bila kuzimuliwa huchoma ngozi na kufungua mlango mpya.

Jipu likiwa bado gumu, unaweza kulikanda nyumbani kwa kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya moto yanayovumilika, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, kisha ukakifua kitambaa hicho peke yake. Usilikamue, na lile la puani au juu ya mdomo usiliguse kabisa, kwa sababu mishipa ya sehemu hiyo huungana na ya ndani ya fuvu. Homa, wekundu unaotambaa, mistari myekundu kuelekea kwenye mitoki, jipu la usoni, au jipu kwa mtoto mchanga ni mambo ya kuja siku hiyohiyo, hata kama fedha haijakamilika. Deni tutaandikiana.

Mkija, tafadhali msioge dawa wala kupaka majani au krimu juu ya jipu asubuhi hiyo, na mje na maganda ya vidonge vyote mlivyokwisha kumeza, hata vile ambavyo mnaona aibu kuvitaja. Hatugombezi mtu, na ganda moja hutupunguzia maswali mengi kuhusu dawa ya kuandika.