Salamu za Sikukuu ya Shukrani kutoka Rochester, Minnesota

Ndugu, jamaa na marafiki wa Lushoto, Tanga, Dar es Salaam na kokote mlikotawanyika: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, marika mambo vipi. Mimi na mzee wangu tunawasalimu kwa Sikukuu ya Shukrani, ambayo huku Marekani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Sisi ni wazima. Kuku wazima, mbwa mzima, gari linakohoa lakini linakwenda.

Mwaka huu nimeona niwaandikie marefu kidogo. Kila nikituma picha ya mti mwekundu, mtu ananijibu "kumbe mko peponi", na hakuna anayeuliza peponi huko watu wanaishije. Basi, tunaishi kwa zamu. Mimi nakesha kwenye nyumba ya wazee, yeye anaendesha basi la shule. Nikirudi asubuhi ameshatoka, akirudi nimelala. Kwa miezi mingi ya mwaka ndoa yetu huendeshwa kwa vikaratasi vinavyobandikwa kwenye mlango wa friji, na asilimia kubwa ya barua hizo za mapenzi zinahusu mifugo. "Kuku wameshakula. Mbwa atakwambia hajala, mwongo huyo." Au: "Yule kuku mweusi anachechemea, mwangalie mguu." Nikijibu, naandika chini yake na kuacha nafasi naye ajibu.

Tunapoonana kwa kweli ni ile saa moja kabla ya giza, mimi nimeamka, yeye amerudisha basi. Na mwishoni mwa Novemba giza halichelewi: jua linatoka saa moja na dakika ishirini na kitu, na ikipita kidogo saa kumi na nusu jioni limekwisha kuzama. Mchana wa saa tisa tu! Kwa hiyo mbwa akishasimama mlangoni na kamba mdomoni, hakuna kujadiliana. Tunatoka wote watatu. Mbwa tunamvalisha fulana ya rangi ya chungwa, kwa sababu Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na nje ya mji mtu asiyevaa rangi hiyo anajitakia. Kulungu wenyewe ndio kwanza wako kwenye majira ya kutafuta wenza, wanavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Mzee wangu anasema akiendesha basi mwezi huu macho yanamuuma kwa kuchungulia vichaka.

Zile rangi mnazozisifu zilishapita. Kwetu kusini mwa Minnesota huanza kushika mwishoni mwa Septemba na hukolea Oktoba. Siku zikifupika na ubaridi ukiingia, mti unaacha kutengeneza klorofili, ule ukijani unavunjika, na manjano iliyokuwamo ndani ya jani siku zote ndipo inapoonekana. Wekundu ni jambo jingine, mti huutengeneza upya wakati huo huo, na ndiyo maana Oktoba yenye jua mchana na ubaridi usiku hutoa miti ya kutisha kwa uzuri. Sasa hivi miti ya mepo, ile inayokuwa myekundu, imebaki mifupa. Mialoni tu ndiyo iliyong'ang'ania majani yake makavu ya kahawia, yanapiga kelele upepo ukivuma. Kindi wanazunguka chini yake tangu asubuhi, kila mmoja na mbegu mdomoni, wanachimba, wanafukia, wanapigapiga udongo kwa mikono. Mbwa amewakimbiza msimu mzima na hajapata hata mmoja. Hata hivyo hakati tamaa.

Majani tuliyoyafagia hatukuyatupa. Yamejazwa kwenye magunia, na kila wiki tunamwaga gunia moja bandani kwa kuku, wanayachakura kutwa nzima wakitafuta wadudu. Maboga nayo ni neema ya peke yake. Mwisho wa Oktoba watu huku wanachonga maboga sura za kutisha na kuyapanga barazani, halafu baada ya siku chache wanayatupa. Mzee wangu anapita kwa majirani na toroli, anaomba yale yasiyopakwa rangi. Mwanzoni niliona aibu. Sasa majirani wenyewe wanatuletea, na kuku wanayala mpaka yanabaki maganda. Kinachoniuma ni majani ya maboga. Watu wanalima maboga shamba zima na hawajui kwamba majani ni mboga! Mimi huwahi kabla ya baridi ya kwanza kuyaunguza, nachuma machanga, namenya nyuzi, nayapitisha kwenye maji ya moto na kuyagandisha kwenye mifuko. Januari nje kukiwa na theluji ya magoti, tunakula majani ya maboga ya karanga na ugali. Hiyo kwangu ndiyo raha ya majira haya, kuliko picha zote.

Ugomvi tunao pia, msidhani. Wa mwaka huu ni taa. Kuku anahitaji mwanga wa kama saa kumi na nne kwa siku ili atage vizuri, na juu ya hilo sasa wananyonyoka manyoya ya zamani na kuota mapya, kazi inayokula chakula chote wanachokula. Kwa hiyo mayai ni ya kubahatisha. Mzee wangu anataka kuweka taa bandani iwake alfajiri, tununue mayai ya nini na kuku tunao? Mimi nasema waache wapumzike, nani alitwambia kiumbe lazima azae mwaka mzima. Yule mweusi ananiunga mkono kwa hali yake: shingo tupu, mkia hana, amesimama pembeni kwa hasira na vijiti vya manyoya mapya vimemtoka mgongoni. Ukimshika analia, maana vijiti hivyo vina damu ndani na vinauma. Mtu anayekesha usiku kama mimi ataachaje kumwelewa? Taa haijawekwa. Waya, lakini, ameshaununua.

Sasa niwaambie ya ndege. Mji wetu una ziwa dogo liitwalo Silver Lake, na mabata bukini hapo ni wengi hadi njia ya kutembelea inateleza kwa vinyesi vyao. Jamii yao kubwa kabisa ilidhaniwa imetoweka duniani, mpaka mwaka 1962 mtaalamu wa ndege Harold Hanson alipowapima hapa Rochester na kukuta kumbe ndio hao hao, wako wanakula majani ya bustani. Mtambo wa umeme ulikuwa ukirudisha maji ya vuguvugu ziwani, maji hayagandi, ndege wakaona wasafiri kwenda wapi? Siku hizi mtambo umesimama na ziwa linaganda, ila heshima ya mabata imebaki.

Lakini safari yetu sisi wawili, ile tunayoiombea ruhusa kazini, ni ya Brownsville, kama saa moja na nusu kwa gari, ukingoni mwa mto Mississippi. Kila Novemba wanatua hapo swani, wale ndege weupe wenye shingo ndefu, maelfu kwa maelfu, wakitoka Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, kwenda kupisha baridi pwani ya Atlantiki upande wa Chesapeake. Wanashuka mtoni kula viazi vidogo vya mimea ya majini, wanapata nguvu, wanaondoka. Unawasikia kabla hujazima gari, kama mkutano wa hadhara ambao kila mtu ameshika kipaza sauti. Tulikaa ndani ya gari na chupa ya chai ya tangawizi, tukapokezana darubini. Wanakaa familia kwa familia: mume, mke, na watoto wa mwaka huu ambao bado ni wa kijivu. Swani dume na jike wakishachaguana kwa kawaida hukaa pamoja miaka na miaka, na watoto husafiri na wazazi msimu wa kwanza ili waijue njia. Mzee wangu aliwatazama kimya muda mrefu, halafu akauliza: "Na hawa nani anafanya zamu ya usiku?" Tulicheka hadi chai ikamwagika.

Kuhusu sikukuu yenyewe, msije mkadhani tumemezwa mzimamzima. Hadithi inayosimuliwa shuleni ni ya mwaka 1621 huko Plymouth, Massachusetts: walowezi wa Kiingereza walivuna, na Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji asilia wa huko, akaja na watu wake kama 90, wakakaa siku tatu, wao wakaleta kulungu watano. Hiyo ni kweli, imeandikwa na aliyekuwepo. Kweli pia ni kwamba Rais Lincoln, aliyeitangaza sikukuu hii kwa taifa zima mwaka 1863, ndiye aliyekuwa ameidhinisha Desemba ya mwaka uliotangulia kunyongwa kwa Wadakota 38, wenyeji asilia wa huku Minnesota, huko Mankato, mji ulio magharibi ya hapa tulipo. Tangu mwaka 1970 wako wenyeji wanaokutana Plymouth siku hii hii kuomboleza. Sisi tunakula na kushukuru, ila kabla ya kula tunawataja wenye ardhi. Na jamani, tunayo sababu ya ziada: mahindi, maharage na maboga, vile tunavyovichanganya shamba moja Usambara, vyote asili yake ni bara hili. Makande ya bibi yalianzia kwa hawa watu.

Basi ndiyo maana mezani kwetu Alhamisi kutakuwa na makande, pilau ya mbuzi, boga la nazi kwa wasiotaka lile pai lao lenye mdalasini, na bata mzinga wa heshima. Bata mzinga aliyegandishwa anahitaji siku tatu au zaidi kwenye friji kuyeyuka, kwa hiyo kuanzia Jumatatu friji ni lake, vikaratasi vyetu tumehamishia ukutani. Nimemkandika tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na bizari. Wanakuja Wakenya wawili, familia moja ya Wakongo, na jirani yetu mzee mwenye maboga.

Natumaini mvua za vuli huko zimewatosha kupandia. Wagonjwa Mungu awaponye, waliofiwa mwaka huu tuko nanyi, wanafunzi wa mtihani tunawaombea, na maharusi wa Desemba tutawachangia, msitume ujumbe mara tatu. Saa za huku zilirudishwa nyuma mwanzoni mwa mwezi, kwa hiyo sasa tumepishana saa tisa. Mkipiga saa mbili usiku ya kwenu, huku itakuwa saa tano asubuhi, bata mzinga yuko ndani ya oveni na mimi niko macho. Mzee wangu atanyakua simu awaambie nyama ya ndege huyu ni kavu. Msimsikilize, mwaka jana alirudia sahani.