Magitaa yasiyofunguka yanatuumiza wote, mnunuzi na fundi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tujibu lawama ambayo mafundi wa magitaa tunatupiwa kila mara: kwamba tunataja bei inayozidi bei ya gitaa lenyewe, au tunalirudisha kwa mwenyewe bila kuligusa. Wanaolalamika hawasemi uongo. Lakini chanzo hakipo kwa fundi, kipo ndani ya gitaa. Magitaa mengi ya bei rahisi yanayouzwa madukani, na mengi ya mitumba, yameundwa na watu ambao hawakufikiria kwamba siku moja yatahitaji kufunguliwa.

Seti nyepesi ya nyuzi za chuma, ile inayoandikwa 12 hadi 53 (unene wa nyuzi) kwenye pakiti, ikishakazwa kwa sauti yake inavuta kwa nguvu ya kilo 73 hivi. Nguvu hiyo haipumziki usiku wala mchana. Miaka ikipita, ubao wa mbele unavimba nyuma ya daraja (kile kipande kilichobandikwa tumboni kushika nyuzi), shingo inainamia mbele, na nyuzi zinapanda juu. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni), nafasi kati ya freti na uzi mnene inafaa iwe kama milimita 2.4, na kwa uzi mwembamba 1.8. Ikifika 4, mwanafunzi anaumia vidole na anaacha kupiga. Wengi hukimbilia kusaga mfupa wa daraja, ule utepe mdogo ambao nyuzi zinalalia, na mwanzoni inasaidia, ila hesabu yake ni kali: kila milimita 1 unayotaka ishuke kwenye freti ya 12, mfupa lazima upungue milimita 2. Mfupa ukibaki umechomoza milimita 2 tu juu ya daraja, hapo hakuna tena cha kusaga. Dawa ni kuitoa shingo na kuirudisha kwa pembe mpya.

Gitaa lililoundwa kwa utaratibu wa zamani, kama yale ya Martin, kiwanda cha Marekani kilichoanza mwaka 1833, linakubali kazi hiyo. Shingo ina ulimi unaotanuka kwenda ndani, umeingia kwenye mfuko wa mbao na kushikwa kwa gundi. Fundi anapasha moto ncha ya ubao wa freti iliyolala juu ya tumbo, anapitisha kisu bapa chini yake, anang'oa freti ya 15, anatoboa tundu la milimita 2 kwenye mfereji wake na kuingiza mvuke kwa sindano. Gundi ya ngozi, na hata gundi nyeupe ya mbao, hulainika kwa joto na unyevu. Shingo inatoka nzima. Kisha anapunguza kitako cha shingo, pale inapoungana na tumbo, kwa kipimo kinachojulikana. Chukua gitaa ambalo urefu wa uzi ni milimita 645: kutoka maungio ya freti ya 14 hadi kwenye mfupa ni milimita 287. Kitako kikiwa na urefu wa milimita 90, na ukitaka mstari wa shingo upande milimita 4 pale darajani, unaondoa milimita 1.25 kwenye ncha ya chini ya kitako, ukimaliza na sifuri juu. Taylor, kiwanda kingine cha Marekani, nao tangu mwaka 1999 wanafunga shingo kwa bolti tatu na vibao vyembamba vya kurekebisha pembe. Unafungua, unabadilisha vibao, unakaza. Ndivyo gitaa linavyopaswa kumheshimu atakayelirekebisha.

Sasa tuje kwenye yale yanayotutoa jasho, na tutakaa zaidi kwenye magitaa ya mgongo wa bakuli kwa sababu kwaya na wapigaji wa jukwaani wanayapenda. Charles Kaman, mhandisi wa helikopta wa Connecticut, ndiye aliyeleta magitaa hayo, ya Ovation, katikati ya miaka ya 1960. Mgongo na mbavu zake ni kitu kimoja kilichofinyangwa kwa faiba na resini (plastiki ya maji inayoganda), waliyoiita Lyrachord. Ni gitaa imara, na likiunganishwa kwenye spika linatoa sauti safi. Hatulipingi. Tunachosema ni kwamba likiharibika, kila njia ya kawaida ya kuliingia imefungwa, na yale ya kuiga yanayouzwa kwa bei ya chini ni magumu zaidi.

Bakuli halisinyai wala halipanuki, lakini ubao wa mbele ni mti, na mti unafuata hewa. Gitaa lililozoea unyevu wa Dar es Salaam likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, ubao unataka kupungua upana huku kingo zake zimeshikwa na bakuli lisilosogea. Unapasuka, mara nyingi kando ya ubao wa freti au chini ya daraja. Usimwage gundi kwenye ufa mkavu. Kwanza rudisha unyevu: sponji iliyokamuliwa, ndani ya kisahani cha sabuni chenye matundu, iwekwe ndani na tundu la gitaa lifunikwe, siku 3 hadi 7, mpaka ufa ujifunge wenyewe. Ndipo usukume gundi kwa kidole na kubandika viraka vya ndani vya spruce, mti laini wa mbao za mbele za magitaa, unene milimita 2 na upana 15, nyuzi za mti wake zikikingama na ufa. Kwenye gitaa la mgongo bapa, kiraka unakikandamiza kwa kijeki kidogo kinachoegemea mgongo. Kwenye bakuli kijeki kinateleza. Tunatumia jozi za sumaku kali, moja ndani na moja nje, zikitenganishwa na ubao kwa nailoni ili gundi isizishike, na tunaziacha saa 12.

Ukingo wa ubao ukibanduka kwenye bakuli, gundi ya mbao haifai hata kidogo kwa sababu haishiki resini. Kwaruza mdomo wa bakuli kwa msasa namba 120, ukiwa umevaa barakoa maana vumbi la faiba linaumiza mapafu, futa kwa spiriti, kisha tumia epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ile ya kukauka polepole. Ile ya dakika 5 itaganda kabla hujamaliza kufunga. Mbano mzuri kuliko yote ni tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe na kuzungushwa gitaa lote, huku bakuli limelazwa kwenye mfuko wa mchanga. Acha saa 24. Bakuli lenyewe likipasuka, nenda kwa mafundi wa boti za faiba. Kitambaa na resini wanavyotumia ndivyo vinavyotakiwa.

Mfupa wa daraja wa magitaa haya nao si mfupa wa kawaida. Mengi yana kifaa cha kunasa sauti kilichojengewa ndani yake, kikiwa na kipande kwa kila uzi. Fundi asiyejua anasaga chini kama alivyozoea, na gitaa linakuwa bubu. Nyuzi hushushwa kwa kutoa vibao vyembamba vilivyowekwa chini ya kifaa hicho, basi. Vikiisha, mtu anafikiria kupunguza daraja, lakini madaraja hayo mengi hayana vipini vya kushikilia nyuzi. Nyuzi zinapita kwenye matundu ya nyuma, na ukichonga daraja sana matundu yanabaki na ukuta mwembamba unaopasuka. Inabaki shingo. Ikiwa imefungwa kwa bolti peke yake, tunashukuru. Ikiwa imeshikwa kwa epoksi, mvuke hauisaidii, na joto la kuilegeza linatosha kuharibu ubao na resini iliyo jirani. Hapo ndipo tunapomwambia mteja ukweli, naye anatuona wavivu.

Yapo mengine ya ajabu, ila hayo yana nafuu. Gitaa la Gibson, kiwanda kingine cha Marekani, la mwanzoni mwa miaka ya 1960 inaweza kuja na daraja la plastiki lenye uwazi ndani, limekazwa kwa skrubu. Linapinda na kupasuka. Tunaling'oa, tunachonga jipya la mpingo, mti wetu ambao watengenezaji wa klarineti duniani wanautafuta, na gitaa linapona kabisa. Magitaa ya Fender, nao wa Marekani, ya miaka hiyo hiyo yana shingo ya bolti kama ya gitaa la umeme, na mengine yana bomba la aluminiamu linalopita tumboni kutoka shingoni hadi mkiani. Bomba likilegea linavuma, na wengi hudhani ni kijiti cha ndani cha kuimarisha ubao kilichobanduka. Kaza kwanza kabla ya kutafuta kingine.

Kinachobaki, na ndicho kibaya kuliko vyote, ni gitaa jipya la bei ya chini ambalo shingo yake imeingizwa kwa vipini vya mbao, ikamiminiwa epoksi, kisha gitaa zima likapakwa rangi nene. Halafu linapoanza kufunguka kidogo pale kitakoni, mtu wa mtaani analijaza supa gluu. Supa gluu ina kazi yake: kushika freti iliyolegea, kuziba kipande kidogo kilichobanjuka. Kwenye maungio ya shingo ni adui. Inaganda ikiwa kavu kama kioo, inavunjika kwa mvuto wa nyuzi, na mbao iliyoinywa haikubali tena gundi ya mbao. Anayekuja baadaye analazimika kuchonga mpaka afike kwenye mbao safi.

Kwa hiyo tunawaomba wanunuzi, hasa walimu wa muziki na kamati za kwaya zinazonunua magitaa mengi kwa pamoja, waende dukani na rula ya chuma ya sentimita 60, kioo kidogo na tochi ya simu. Laza rula juu ya freti: ncha yake iguse juu ya daraja bila kuinuka. Ikigonga uso wa daraja chini ya ukingo, shingo imeshainama, hata kama gitaa bado lina karatasi yake. Ingiza kioo tunduni uangalie bloku ya mbao inakoshikia shingo. Vichwa vya bolti ni habari njema. Epoksi iliyochuruzika ni sababu ya kuliacha. Rangi iliyofunika maungio ya kitako si kosa peke yake, ila muulize muuzaji shingo inatoka vipi, na asipojua usilipe haraka. Wauzaji nao waruhusu mteja apime bila kumnunia.

Kwa mafundi wenzetu tuna ombi moja. Kila ukifunga gitaa, andika kwa penseli ndani ya tumbo, pale kioo kinapofika: gundi uliyotumia, mahali ulipoiweka na mwaka.

Mafundi wa magitaa,
Dar es Salaam