Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Utafiti): tunaomba majina yetu yarudi kwenye kazi zetu

Shikamoo Profesa.

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba umeshapumzika baada ya pilikapilika za maonesho ya wiki iliyopita. Nakuandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimetuzungusha. Tulimtuma kiongozi wa darasa, naye akaenda idarani. Idara ikasema hilo ni la kamati ya maonesho. Kamati ikasema ni la ofisi yako. Ofisini kwako dada wa mapokezi, ambaye alitupokea vizuri na sina ugomvi naye hata kidogo, akatushauri tuanzie idarani. Jina la chuo silitaji. Waliokuwa pale uwanjani wanalijua, na wewe unalijua zaidi yao.

Itifaki imezingatiwa. Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Tangazo lilisema maonesho ya tafiti za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Lilikuwa na picha ya wanafunzi wamevaa makoti meupe ya maabara, wanacheka. Tukajaza fomu, tukaandika ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, wasimamizi wakasaini, tukaenda steshenari kuchapisha mabango makubwa kwa fedha zetu wenyewe kwa sababu tuliambiwa bajeti ya mabango haipo. Asubuhi ya ufunguzi tukakuta bajeti imepatikana. Mabango yote yalikuwa yamechapwa upya kwa rangi za chuo, nembo imekaa juu, jina la idara chini yake, halafu mstari wa "Mtafiti Mkuu" ukifuatiwa na jina la mhadhiri. Nilisoma bango la kazi yangu kutoka juu hadi chini. Sentensi zilikuwa zangu. Jedwali lilikuwa langu, pamoja na picha ya mahindi niliyoipiga kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Jina langu halikuwepo hata kwenye shukrani.

Sisi tulipewa fulana. Mgongoni zimeandikwa "Mtafiti Chipukizi". Kisha tukapangiwa kazi: wengine getini, wengine kwenye viti vya meza kuu, mimi nikawekwa kwenye kugawa maji. Nimekaa mwaka mzima na sampuli za mahindi nikichunguza sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukuvu kwenye nafaka, na siku ya kuzieleza nikawa nasikia, "Mtafiti chipukizi, niletee mbili za baridi."

Hapo ningenyamaza, Profesa. Kweli kabisa. Tumeshazoea. Fedha za utafiti zilipochelewa, sijui zilikwama wapi, tulinyamaza. Mama yangu Singida akauza alizeti mapema, bei ikiwa chini, ili nipate nauli ya kwenda Chemba kukusanya sampuli kabla watu hawajaanza kula akiba. Mashine ya maabara ilipoharibika tukaambiwa tupunguze idadi ya sampuli, tukapunguza, tukanyamaza. Kuna usiku nililala kwenye kituo cha basi nimekumbatia mfuko wa mahindi kama mtoto mchanga, kwa kuogopa umande, maana sampuli ikilowa haifai tena. Yote hayo sikuyaandikia barua.

Kilichonifanya niandike ni swali la mgeni rasmi.

Alipofika kwenye bango letu alisimama. Waliomsindikiza walitaka asonge mbele, ratiba ilikuwa imeshachelewa, lakini yeye akasoma, halafu akauliza swali zuri kuliko yote niliyoyasikia siku ile: "Kwa hiyo mkulima akianika kwenye turubai, sumukuvu inakwisha?" Aliyekuwa amesimama pale kwa niaba ya "watafiti" hakuwa msimamizi wangu. Msimamizi wangu alikuwa safarini, na namheshimu, alinisahihishia rasimu hadi usiku, jina lake linastahili kuwa kwenye lile bango. Aliyesimama ni mtu wa kamati, kapewa ubao wa dondoo. Akajibu kwa tabasamu kwamba teknolojia hii inaondoa tatizo, na hata yakibaki mabaki, mama akiyaosha mahindi na kupika ugali vizuri hakuna shida. Kamera zikiwaka. Mgeni rasmi akashukuru, akapita.

Mimi nilikuwa mbali kidogo tu, na katoni ya maji mikononi.

Jibu lile ni la hatari. Sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni. Ugali unaiva, na sumu inabaki, ndiyo sababu watu wanaila bila kujua, maana haina harufu wala ladha ya kukushtua. Turubai inasaidia sana, inayatenganisha mahindi na udongo wenye vimelea vya ukuvu na unaweza kuyafunika mvua ikija. Lakini mahindi yaliyokaa shambani mpaka yakapasuka na kutobolewa na wadudu yanaweza kufika kwenye turubai yakiwa na sumu tayari, na hapo turubai haiwezi kurudisha nyuma kilichokwishatokea. Inabidi kuvuna kwa wakati, kukausha mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 13 hivi, kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukuvu na kutozirudisha kwenye uji wa mtoto, na kuhifadhi mahali pakavu. Ukikoboa unapunguza sehemu kubwa, kwa hiyo sembe hubaki na sumu kidogo kuliko dona. Hayo yote yalikuwa kwenye ikisiri yangu. Mtu aliyeyaandika alikuwa hatua chache kutoka pale, anagawa maji.

Na nilikwenda Chemba kwa sababu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliougua waliorekodiwa walikuwa 68, waliokufa 20. Familia zilikula mahindi ya shambani kwao, zikaanza kuumwa matumbo na kutapika, macho yakawa ya njano, ini likaharibika. Kule watu hawajasahau. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu, magari yakakwama mpakani na kila mtu akageuka mtaalamu wa sumukuvu kwa wiki mbili. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa jumla katika kilo moja ya mahindi, kiasi ambacho hakuna jicho la mkulima linaloweza kukiona. Ndiyo maana kuna utafiti. Ndiyo maana mgeni rasmi akiuliza, ajibiwe na anayejua.

Sasa kwa nini mlifanya vile? Sijaambiwa, kwa hiyo nabahatisha, na unisamehe nikikosea. Wapo wanaosema ni mambo ya kupanda vyeo: kazi ikiwa na jina la mhadhiri inahesabika, ikiwa na jina la mwanafunzi ni zoezi la darasani. Wapo wanaosema mfadhili wa hema alitaka kuona maprofesa. Wengine wanasema kamati iliogopa tutaulizwa kuhusu mikopo, maji ya hosteli na mashine mbovu, tukajibu ukweli. Mimi nahisi sababu ni ndogo kuliko hizo zote. Nahisi kuna mtu aliangalia orodha ya majina ya vijana wasiojulikana, akaona haipendezi kwenye bango, akaifuta. Dakika moja, imekwisha.

Basi nikukumbushe habari moja ambayo mwenyewe unaipenda, maana uliisimulia siku ya kutupokea mwaka wa kwanza. Mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu ya maziwa. Nafasi kwenye friji ikawa ya kugombania, akaweka mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekwenda kuzungumza nao. Wenzake wakacheka. Osborne aliporudi Dar es Salaam akalijaribu maabara. Mwaka 1969 makala yao ikatoka katika jarida la Physics Education.

Ulituambia hivyo, ukumbi mzima ukapiga makofi. Ulisahau kutuambia jambo moja, nami nimelitafuta mwenyewe: kwenye makala ile jina la Mpemba limetangulia. Mtaalamu wa chuo kikuu aliweka jina la kijana wa sekondari kwanza, lake likafuata. Hakumpa fulana. Leo wanafizikia wanabishana mpaka wanatoana jasho kama jambo lile lipo au halipo, na katika ubishi wao wote wanaliita kwa jina la Mpemba. Angekuwa chuoni kwetu, tungeliita Jambo la Idara.

Ulituambia pia, siku ile ile, kwamba kazi zetu "hazitaishia kabatini". Nakubali ahadi hiyo imetimia, imetoka kabatini na kwenda kwa mtu mwingine. Mwaka jana ulisema ikisiri zote za wanafunzi zitakusanywa kwenye kitabu na kuwekwa maktaba. Nimekwenda maktaba. Wasifu wa viongozi wa chuo upo, umejalidiwa vizuri.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema wazee. Sisi tumechezea kwetu, tukatoka na jasho na fulana moja ya saizi kubwa.

Na usiniambie ndivyo taratibu zilivyo kila mahali. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yalipoanza mwaka 2019 yaliweka kundi la vyuo vikuu, na yakaweka pia kundi la mfumo usio rasmi, yaani fundi wa mtaani asiye na cheti chochote. Yule fundi anasimama mbele ya mashine yake, anaieleza kwa mdomo wake. Inakuwaje asiyesoma asimame kwenye kazi yake, halafu mimi niliyelipiwa ada kwa mkopo nitakaoulipa kwa miaka nisimame kwenye maji? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inamtambua mtunzi na haki yake ya kutajwa. Sitaki kwenda huko, sina hela ya wakili, na wakili mwenyewe angeanza kwa kuniuliza kama nimeshapita idarani.

Tunachoomba ni majina yarudi. Tunasikia mabango yale yale yanaandaliwa kupelekwa kwenye maonesho mengine, na kitabu cha picha kiko njiani kwenda kiwandani kuchapwa. Yakienda bila majina, yamekwenda. Rudisheni majina ya wanafunzi, ya wasimamizi yabaki, kila mtu asimame kwenye kazi yake na aulizwe. Ada ya kuchapisha bango la kwanza mkitaka mrudishe, msipotaka basi, tumeshaila hasara. Kitabu cha ikisiri mkikitoa vizuri, msipokitoa tutasubiri kama tulivyosubiri. Ila majina yarudi. Wenzangu wanatafuta ajira, wanaulizwa kwenye usaili "umefanya utafiti gani?", wanasema, anayewahoji anatafuta kwenye tovuti ya chuo anaona jina la mtu mwingine. Nani ataonekana mwongo pale?

Na kama hata majina ni makubwa mno kwa ofisi yako, kwamba lazima yapite kikao na kikao hakina akidi mpaka muhula ujao, basi niombe dogo zaidi. Sahihisheni jibu lile. Video ipo kwenye ukurasa wa chuo, ina nembo yetu, watu wanaisambaza kwenye makundi ya wakulima. Nimetumiwa na mama mmoja wa Chemba aliyenipa mahindi ya ghalani kwake nipime. Ananiuliza, "Mwanangu, chuo kinasema nikipika vizuri hakuna shida, wewe mbona uliniambia vingine?" Nimemjibu. Lakini mimi ni mtu mmoja mwenye simu mbovu, nanyi ni chuo kikuu.

Mavuno yameshaanza kule. Watu wanaanika sasa hivi, na punje mbovu wanaamua leo wazitupe au wazisage. Iondoeni video hiyo, wekeni jibu sahihi, la dakika mbili tu. Kama hakuna wa kulieleza, namba yangu ya usajili iko kwenye fomu mliyonayo, na fulana bado ninayo, nitakuja nimeivaa. Jina msiweke hata hilo, mkitaka. Jibu liwe sahihi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtafiti Chipukizi (Maji)
Mwaka wa mwisho, Sayansi ya Chakula