Kaka, reli ile haikufika Songea

Kaka yangu,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza. Basi nakuandikia hapa ambapo najua huwa unapita usiku ukitoka kazini. Hongera kwa mtoto. Mama ameiona picha, anasema masikio ni ya Bibi yale yale.

Sasa lile la msibani. Turubai limeshaanuliwa, wajomba wako mkekani, vijana wanakuuliza habari za Ujerumani. Na wewe, paja la kuku mkononi, ukawaambia bila Mjerumani wangekuwa bado wanauzana utumwani. Ukamalizia na reli, eti Mjerumani ndiye aliyetujengea. Babu mdogo akainama, akawa anachokonoa udongo kwa ncha ya fimbo yake. Wewe hukumwona, ulikuwa unacheka.

Reli ipi? Ile iliyoanzia Dar es Salaam 1905 ikafika Kigoma 1914? Sisi huku Songea mpaka leo ni basi. Reli ilifuata mali. Viwanda vyao vya nguo vilitegemea pamba ya Marekani, wakataka ya kwao, ndipo kuanzia 1902 watu wa pwani na kusini wakaswagwa kulima pamba kwa lazima, na kodi ya kibanda, rupia 3, juu yake.

Na utumwa? Kweli, 1889 bunge lao lilimpa kamanda wao Wissmann fedha kwa jina la kupambana na biashara ya watumwa. Kazi waliyoifanya ni kumnyonga Abushiri, kiongozi wa waliowapinga pwani, kule Pangani na kuitwaa pwani. Utumwa wenyewe hawakuufuta. Sheria ya kuufuta ilikuja 1922, Mjerumani keshaondoka na Mwingereza ndiye anayetawala. Hiyo habari ya kupambana na utumwa ilikuwa hodi ya mwizi tu.

Haya, misheni ya Peramiho nakubali. Wamisionari walifundisha, walitibu, Bibi mwenyewe alijifungulia pale. Lakini usiniwekee hospitali mezani ukaficha ghala zilizochomwa. Wakati wa vita vya Maji Maji, watu wa kusini walipowaasi, afisa wao Wangenheim alimwandikia Gavana Götzen kwamba vita peke yake haitoshi, njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Na njaa ikaja. Mama yake Bibi alikula mizizi, hilo tulisimuliwa sote wawili tukiwa jikoni. Tarehe 27 Februari 1906 wakanyongwa wazee wetu zaidi ya 60 hapo hapo mjini, unapopigia picha ukija likizo.

Novemba 2023 Rais wao Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha. Mwenyewe anaomba radhi, wewe mjukuu wa walionyongwa unamtetea! Kukaa kwao na kula mshahara wao sikulaumu, kila mtu na riziki yake. Ila ukiongea na vijana, pima maneno.

Wanasema nilikuvunjia heshima mbele ya wajomba. Si kweli. Nilisubiri mpaka ukanawa mikono. Na kama sauti ilipanda, ni kwa sababu Shangazi siku hizi hasikii vizuri na alitaka kujua kinachoendelea. Mtu alitakiwa kusema, na wanaume wote walikuwa wameufyata. Na ile habari ya shamba la Namtumbo haihusiki kabisa, asikudanganye mtu.

Hela ya saruji ya kaburi bado hujatuma. Fundi ameitwa kazi Mbinga, akiondoka hatumpati tena mpaka mvua ziishe.